Mchanga Mzito wa Mambrui

Maji yakishakupwa Mambrui, pwani ya Kenya, ufuo hubaki na michirizi myeusi, mithili ya wino uliomwagika. Teka mchanga huo mweusi mkononi: ni mzito kuliko mchanga mweupe ulio kando yake. Wimbi lilikuja na vyote viwili, lakini liliporudi likaondoka na vile vyepesi. Mama anayepeta mchele kwa ungo hufanya kazi hiyohiyo, ila yeye hutumia upepo.

Mpagazi wa mchanga huo ni Mto Sabaki. Huko bara unaitwa Athi, ukikutana na Tsavo unakuwa Galana, kisha unaingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Ndani ya tope lake jekundu mna chembe za madini mazito, yaani ilmenaiti, rutaili na zikoni, kutoka miamba ya kale.

Malindi na madini ni habari ya zamani. Mwaka 1154, mwanajiografia al-Idrisi, akiandika huko Sisili, alisema watu wa Malindi huchimba chuma na biashara yake ndiyo inayowaletea faida kubwa.

Miaka ya 1990, kampuni ya Tiomin ya Kanada ilitafuta titaniamu, metali iliyomo ndani ya ilmenaiti na rutaili, huko Kwale, Vipingo, Kilifi na Mambrui. Swali la kwanza kwa mchanga wa aina hii ni moja: ndani yake mna madini mazito kiasi gani? Jibu huanzia kwenye faneli ya kioo.

Gramu 100 za mchanga mkavu hupimwa, huchekechwa na kuoshwa tope, kisha humwagwa ndani ya bromofomu, kioevu ambacho mililita yake moja ina gramu 2.89. Mchanga mweupe, wenye 2.65, huelea. Ilmenaiti, yenye takriban 4.7, huzama na kujikusanya chini kama utepe mweusi. Fundi hufungua koki, utepe ukashukia karatasi ya kuchujia, ukaoshwa kwa asetoni, ukakaushwa, ukapimwa. Zikipatikana gramu 4, kila tani ya mchanga ule ina kilo 40 za madini mazito. Bromofomu ni sumu, na ni jambo la heri kwamba maabara nyingi sasa hutumia chumvi za tungsteni zilizoyeyushwa kwenye maji.

Lakini uzito hauamui kila kitu. Zikoni inakaribiana mno na ilmenaiti. Hapo sumaku ndiyo huokota ilmenaiti na kuiacha zikoni. Rutaili nayo hutengwa kwa umeme, kwa kuwa huupitisha na zikoni haiupitishi.

Tiomin haikuchimba kokote kati ya maeneo hayo. Kampuni nyingine, Base Titanium, ilianza kuchimba Kwale mwaka 2013 na kumaliza mwaka 2024. Mambrui, kila masika, Sabaki huteremsha tope jipya, na mawimbi hulipeta.