Jarida Lisilo Karatasi: Chemirocha na Vijana wa Bonde la Ufa

Usanifu wa jarida la muziki la vijana hujadiliwa aghalabu kana kwamba huanzia matbaani. Historia ya Bonde la Ufa yakanusha dai hilo. Mwaka 1950, huko Kapkatet, Kericho, kusini-magharibi ya Nakuru, Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sauti yake ilifika huko kwa santuri. Walimsawiri kuwa nusu mtu, nusu swala, wakamwalika ngomani. Dhima za jarida, kumtambulisha msanii na kumchora, zilikwisha kutekelezwa kwa Kikipsigis. Basi msanifu amwekeaye kijana wa Nakuru picha ya nyota ili aitazame tu, humpokonya kalamu aliyoishika nyanyake.