Namba Tasa Yenye Nasaba

Namba isiyogawika ila kwa moja na kwa nafsi yake, waliotutungia istilahi za hisabati waliiita namba tasa. Kwangu mimi mfasiri, neno hili halijapata kunikaa moyoni. Tasa ni asiyezaa, ilhali namba hizi, zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, ndizo wazazi wa namba nyingine zote tangu mbili kwenda juu. Tena iko nasaba moja miongoni mwao ambayo mpenzi wa mizani hawezi kuipita asitazame nyuma.

Andika 2 mara mbili, uzizidishe, utoe moja: 3. Andika 2 mara tatu, ufanye vivyo hivyo: 7. Mara saba: 127. Zote tasa, na kila moja imemtaja mwenziwe anayefuata. Sasa andika 2 mara 127. Hutoka namba ya tarakimu 39:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727

Je, nayo ni tasa? Kuitafutia vigawanyo kimoja kimoja, umri wa mwanadamu hautoshi. Aliyejibu ni Mfaransa Édouard Lucas, mzaliwa wa Amiens, mwaka 1876, kwa kalamu na karatasi. Hakutafuta vigawanyo hata kidogo. Alishika 3, akaizidisha kwa nafsi yake, akatoa 2, akarudia. Na matokeo yalipoipita namba anayoipima, aliigawa akabakisha salio tu.

Tujaribu kwa 127, kwani hapa penye namba ndogo ndipo uzuri unapoonekana. Kwanza 3, kisha 7, kisha 47. Arubaini na saba kwa arubaini na saba, toa 2, ni 2207, salio 48. Kutoka 48 hubaki 16. Na 16 kwa 16, toa 2, ni 254, yaani 127 mbili kamili: salio sifuri. Sifuri hiyo ndiyo shahidi kwamba 127 ni tasa. Hatua zilikuwa tano. Kwa namba ile kubwa ni 125. Lucas alieleza namna ya kuzifanya kwa kusogeza vitunda juu ya ubao kama wa sataranji, akihesabu kwa sifuri na moja peke yake.

Mwenziwe Fauquembergue aliihakiki kazi hiyo mwaka 1914. Kwa miaka 75, hadi 1951 mashine zilipoingia, haikujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo. Kipimo chenyewe, baada ya kunyooshwa na Lehmer mwaka 1930, ndicho kilichoithibitisha mwaka 2024 namba tasa yenye tarakimu 41,024,320.

Na mjukuu anayefuata katika nasaba? Eugène Catalan aliuliza mwaka ule ule wa 1876. Tarakimu zake ni nyingi mno hata hakuna karatasi wala mashine ya kuziandikia, na jibu halijapatikana.