Scrooge wa Kitabu na Scrooge wa Sinema

Kitabu cha Charles Dickens kiitwacho A Christmas Carol kilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, na nakala zake 6,000 za kwanza zikamalizika kabla ya Krismasi. Aghalabu husomwa kama hadithi ya mizuka na bahili aliyetubu. Lakini asili yake ilikuwa jambo jingine kabisa. Mwaka ule ule Dickens alikuwa amesoma ripoti ya serikali juu ya watoto waliofanyishwa kazi migodini na viwandani, akakusudia kuandika kijitabu cha kuwatetea. Kisha akalighairi shauri hilo, akaona kwamba hadithi ingepiga kwa nguvu zaidi.

Ndiyo maana Scrooge, aombwapo sadaka, huuliza kama magereza na nyumba za kazi za maskini hazipo tena, na wafao kwa njaa huwahesabu kuwa ni watu waliozidi. Mawazo hayo hakuyabuni yeye. Yalikuwa hoja za wenye elimu wa zama zake, wanafunzi wa Malthus, na Sheria ya Maskini ya 1834 ilisimama juu ya fikira za namna hiyo. Dickens hasemi mengi juu ya jinsi mtu huyu alivyofanyika jiwe, kwani mshitakiwa wake si mtu mmoja.

Sinema ya Brian Desmond Hurst ya mwaka 1951, iliyotungwa na Noel Langley na kuchezwa na Alastair Sim (ambaye uso wake uliweza kuchekesha na kuhuzunisha kwa dakika moja), ilitaka sababu. Basi ikazibuni. Mama yake Scrooge hufa katika kumzaa, na baba humchukia kwa ajili hiyo. Anatokea mfanya biashara Jorkin, asiyekuwamo kitabuni, anayemshawishi kijana amwache bwana wake mwema Fezziwig. Mchumba ambaye kitabuni huolewa na mwingine akapata watoto, katika sinema anaonekana akiwahudumia mafukara. Juu ya yote kuna kifo cha Fan, dada yake, ambacho Dickens alikitaja kwa maneno machache tu. Katika sinema Fan hufa baada ya kumzaa Fred. Scrooge kijana hutoka chumbani kwa uchungu, asisikie ombi lake la mwisho, kwamba amlee mtoto. Scrooge mzee, akisimama kando ya mzuka, ndiye alisikiaye, naye huomba radhi kwa mtu asiyeweza kumsikia.

Katika kitabu chote hakuna mahali panapochoma moyo kama hapo. Hata hivyo faida hiyo ina gharama yake. Ukatili uliokuwa fundisho la tabaka zima umegeuka kuwa jeraha la yatima mmoja, na mtazamaji humhurumia kabla hajamhukumu. Yamkini wakati nao ulichangia: mwaka 1948 Uingereza ilikuwa imeifuta Sheria ya Maskini, na nyumba ya kazi haikumtisha tena mtazamaji kama ilivyomtisha msomaji wa 1843.

Hata hivyo Hurst hakuwatupa wale watoto wawili, Ujinga na Uhitaji, wanaojificha ndani ya joho la mzuka wa pili. Sinema ya Marekani ya 1938 iliwaacha nje. Yeye aliwaonyesha, wamekonda, wakimkodolea Scrooge macho bila neno.