Rejeta: kuibadilisha nyumbani (Kampala)

Kubadilisha rejeta nyumbani ni kazi ya kung'oa rejeta ya gari iliyovuja au kuziba na kufunga nyingine bila kulipeleka gari gereji. Jijini Kampala, hata mwenye gari asiye fundi huweza kujifanyia. Katika Toyota nyingi za mtumba kutoka Japani, kama Premio na Spacio, rejeta imekaa mbele kabisa, imeshikwa na bolti chache, na spana namba 10, koleo na bisibisi hutosha. Kufungua na kufunga ndiyo sehemu nyepesi. Injini nyingi zinazokufa baada ya rejeta mpya huponzwa na mambo mawili: chanzo cha joto hakikutafutwa, au hewa haikutolewa.

Rejeta yenye umbo la sega la asali ilibuniwa na Mjerumani Wilhelm Maybach kwa ajili ya Mercedes ya nguvu za farasi 35, mwanzoni mwa karne ya 20, ikiwa na mirija midogo 8,070. Kwa miongo mingi iliyofuata rejeta zilikuwa za shaba, na fundi mwenye risasi na moto aliweza kuziba tundu lolote. Za siku hizi zina mirija ya alumini na matangi ya plastiki yaliyobanwa juu ya mpira, nayo plastiki hailehemiwi. Huzeeka kwa joto: shingo linaloingia ndani ya mpira wa juu hugeuka rangi kutoka nyeusi kuwa kahawia, kisha hupata ufa mwembamba unaoacha alama nyeupe ya kulanti (kimiminika cha kupoza injini) iliyokauka. Rejeta ikifika hapo haina tiba. Ute wa yai na pilipili manga, dawa za njiani zinazojulikana na madereva, huziba ufa kwa muda na mirija kwa muda mrefu zaidi. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, lakini yaliyokwisha kuingia yanaendelea kutembea, na rejeta zake ni za umri huohuo.

Kampala iko karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachozuia yasichemke katika foleni ya Jinja Road ni mfuniko wa rejeta: chemchemi yake hushikilia shinikizo, na kwa mfuniko ulioandikwa 0.9 kiwango cha kuchemka hupanda kupita nyuzi 110. Mfuniko uliokufa huua gari lenye rejeta nzima kabisa. Kwa kuwa ni rahisi kuliko rejeta, na ubadilishwe kwanza. Wako wanaojaza maji ya bomba wakisema Kampala maji hayagandi. Kweli hayagandi, ila kulanti pia huzuia kutu na kuongeza kiwango cha kuchemka, na alumini haivumilii maji matupu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha feni inawaka injini ikipata joto, pampu ya maji haivuji, na mapovu hayatoki mfululizo mdomoni mwa rejeta injini ikiunguruma, kwani hayo ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Angalia pia kama thamostati, vali inayofunguka injini ikipata joto, ipo. Mafundi wengi huitoa kwa hoja kwamba nchi ni ya joto. Hoja hiyo ni potofu: injini hukaa ikiwa baridi mno, hula mafuta, na tatizo lenyewe hubaki pale pale.

Spea hutafutwa soko la Kisekka, lililopewa jina la Samson Kisekka, aliyekuwa waziri mkuu na baadaye makamu wa rais. Nenda na rejeta ya zamani mkononi. Linganisha pini za chini, unene wa shingo, mahali pa feni, na kama tangi lina midomo miwili ya oili ya giaboksi. Rejeta ya gari la gia za mkono haina midomo hiyo, na kosa hili hugunduliwa nyumbani, boda boda ikishaondoka.

Wakati wa kung'oa rejeta ya zamani, injini iwe imepoa kabisa. Toa waya hasi wa betri, maana feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe. Fungua mfuniko, kisha koki ya chini, na kinga kulanti kwenye beseni. Usiimwage mtaroni: ni sumu yenye utamu unaovutia mbwa, na mtaro wa Nakivubo humwagikia ghuba ya Murchison, ambako mitambo ya Ggaba huchota maji ya jiji. Ng'oa mipira, ziba paipu za giaboksi, toa feni na fremu yake, legeza vishikizo vya juu, kisha inua rejeta wima. Kondensa ya AC iliyo mbele yake isifunguliwe, kwani ina gesi yenye shinikizo. Kipande cha boksi kati ya vitu hivyo viwili huokoa mapezi ya alumini. Hamisha raba za chini kutoka rejeta ya zamani, funga rejeta mpya, kisha rudisha feni, mipira, paipu za giaboksi na waya wa betri. Koki ya plastiki ikazwe kwa vidole tu.

Kwenye kujaza, milima ya Kampala ni msaada: egesha pua ya gari ikitazama juu ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko injini. Mimina polepole, washa hita kwenye joto la mwisho, acha injini iungurume bila mfuniko mpaka thamostati ifunguke, kwenye nyuzi 80 na kidogo, na mpira wa chini upate joto. Kulanti itashuka ghafla, ongeza. Hewa ikibaki, kihisi cha joto huweza kukaa kwenye mvuke na kutoa kipimo cha uongo, na magari kama Passo hayana geji, yana taa ya bluu na nyekundu tu. Ngoja mpaka feni iwake na kuzimika mara mbili.

Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, pima tena kulanti na oili ya giaboksi. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa inaonyesha kuwa rejeta ya zamani ilikuwa imetoboka ndani na maji yameingia giaboksi. Gari hilo lisiwashwe tena hadi oili yote isafishwe.