Mikanda ya Magendo: Mashabiki Wasiojulikana Walionusuru Ngoma za Bob Dylan

Wengi wetu tulioanza kumsikiliza Bob Dylan miaka ya karibuni tumeletwa na Timothée Chalamet, na wala hakuna cha kuonea aibu. Filamu ya A Complete Unknown ilitoka Desemba 2024, dogo akaimba mwenyewe, watu wakaanza kumtafuta mzee. Kama uliiangalia utakumbuka ile shoo ya Newport. Dylan anapanda stejini na gitaa la umeme, mashabiki wake wa gitaa kavu wanapagawa kwa hasira, na kutoka kwenye umati mtu anapaza sauti: "Yuda!"

Sasa ngoja nikuharibie kidogo. Hiyo kelele haikutokea Newport. Shoo ya Newport ilikuwa Julai 25, 1965, na fujo zilikuwepo kweli, ila "Yuda!" ilipigwa Manchester, Uingereza, kwenye ukumbi wa Free Trade Hall, Mei 17, 1966. Karibu miezi 10 baadaye, bara jingine kabisa. Waliotengeneza filamu waliihamisha kwa sababu inanoga pale.

Tunajuaje? Kwa sababu kuna mkanda. Nusu ya kwanza Dylan yuko peke yake na gitaa kavu na kinanda cha mdomo, watu wametulia kama wako msibani. Nusu ya pili anarudi na bendi, umeme unawashwa, wanaanza kupiga makofi ya kuzomea. Halafu inakuja ile sauti moja. Unamsikia Dylan anamjibu jamaa kwamba hamuamini, kwamba ni mwongo, anageuka anawaambia wenzake wapige kwa nguvu zote (na neno la matusi juu), na wanaingia Like a Rolling Stone kama nyumba inabomoka. Nimeisikiliza mara nyingi mno, kwenye daladala, usiku kitandani, na bado pale ngoma inapodondoka nywele zinasimama.

Mkanda wenyewe ulirekodiwa na kampuni ya Dylan, wakiwa na wazo la kutoa albamu ya laivu. Wazo likafa, mkanda ukabaki stoo. Ilikuwaje ukatoka? Mtu aliutoa. Mwanzoni mwa miaka ya 70 shoo hiyo ilikuwa tayari inauzwa kwa magendo, imeandikwa kwamba ni ya Royal Albert Hall, London. Uongo mtupu, lakini jina likaganda. Mpaka kampuni ilipoitoa rasmi, mwaka 1998, ililiacha jina lile lile la makosa, ikaliwekea alama za kunukuu. Yaani magendo ndiyo yalikuwa yameshaipa jina, kampuni ikaja kufuata nyuma.

Na yule aliyepiga kelele? Zaidi ya mtu mmoja amewahi kujitokeza kudai sauti ni yake. Mimi naona ni sawa abaki hivyo hivyo bila jina, maana hadithi yote hii imejaa watu wa aina yake: waliorekodi, waliokopi, waliouza, waliotunza chini ya kitanda. Bila wao, nusu ya Dylan tunayemjua asingekuwepo.

Turudi nyuma kidogo. Miezi miwili na ushee baada ya Manchester, Julai 29, 1966, Dylan alipata ajali ya pikipiki karibu na Woodstock, jimbo la New York. Akapotea machoni pa watu. Ziara zikasimama. Dunia ilidhani kaisha, kumbe mwaka 1967 alikuwa anashinda na jamaa zake wa bendi (hao hao waliozomewa naye, ambao baadaye walijiita The Band) kwenye nyumba moja ya rangi ya pinki, West Saugerties. Walikuwa wanashuka chini kwenye vyumba vya ardhini, Garth Hudson anawasha mashine ya kurekodi, wanapiga chochote. Nyimbo za zamani, utani, na nyimbo mpya kabisa ambazo Dylan alikuwa anaandika kama maji yanavyotoka bombani. Zaidi ya 100 kwa jumla. Hakuna albamu, hakuna haraka, mbwa kalala pembeni.

Nyimbo 14 kati ya hizo zikakusanywa ili wasanii wengine wazisikie wazinunue. Na kweli, Manfred Mann wakachukua Mighty Quinn wakafika namba 1 Uingereza mwaka 1968, The Byrds wakachukua yao. Lakini ukishatoa kopi kwa watu, umeshaitoa. Mmoja anamkopia rafiki, rafiki anamkopia shemeji. Unajua mwenyewe kundi la WhatsApp linavyofanya kazi. Tofauti ni kwamba wakati ule ilihitaji mashine mbili na saa nzima ya kukaa pale.

Kiangazi cha 1969, Los Angeles, zikaonekana santuri za ajabu madukani. Mbili kwa pamoja, kava jeupe tupu, hakuna picha, hakuna jina la kampuni. Watu wakaja kuziita Great White Wonder. Ndani kulikuwa na nyimbo kadhaa za kule chini ya nyumba, na vipande vya mkanda wa Desemba 1961 ambao Dylan, akiwa bado dogo, aliurekodi kwenye makazi ya rafiki yake Minneapolis. Huu unaitwa mkanda wa hoteli hadi leo, ingawa hakukuwa na hoteli. (Mashabiki na majina ya uongo, sijui tuna shida gani.) Ilikuwa santuri ya kwanza ya magendo ya muziki wa roki kupata umaarufu mkubwa, na iliwafungulia njia wengine wote.

Walioitengeneza walikuwa vijana wawili tu, mashabiki, siyo genge la wahalifu. Na sheria ya Marekani ilikuwa na tundu: mpaka Februari 15, 1972, sheria ya shirikisho haikulinda rekodi ya sauti yenyewe. Utunzi ulilindwa, yaani maneno na melodi, ila sauti iliyonaswa kwenye mkanda ilikuwa kwenye kivuli, kila jimbo na lake. Vijana wakapita kwenye kivuli hicho.

Hapa ndipo inabidi tuwe wakweli, maana sisi mashabiki tunapenda kujisifia. Dylan hakuambulia hata senti. Na siyo hela tu. Mwaka 1985, kwenye kijitabu cha mkusanyiko wake wa Biograph, alilalamika kwa uchungu. Alisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba umekaa peke yako chumbani hotelini unachezea gitaa, unadhani hakuna mtu, halafu unakuja kukuta kitu kile kimetoka kwenye santuri na bei juu. Kama vile simu yako inasikilizwa. Ukiwaza vizuri, ana hoja. Fikiria mtu anachukua zile voice note zako za kuimba bafuni, anaziuza Kariakoo.

Nimeshindana na hoja hiyo muda mrefu na sijaishinda. Ninachoweza kusema ni kilichotokea baadaye.

Mwaka 1975 kampuni ikakubali yaishe, ikatoa The Basement Tapes rasmi. Nyimbo 24. Mashabiki wenye mikanda yao wakakaa kuzihesabu, wakakuta 8 ni za The Band bila Dylan, na ngoma kubwa kama I Shall Be Released haimo. Mighty Quinn haimo. I'm Not There haimo, na hii ndiyo iliyouma, kwa wanaoijua. Ni wimbo ambao haujaisha. Dylan aliupiga mara moja, maneno mengine hayasikiki, mengine ni kama anayabuni mdomoni, lakini ile huzuni yake sijaisikia kwenye wimbo wake mwingine wowote. Ulizunguka kwa magendo, kopi ya kopi ya kopi, unasikika kama mtu anaimba ndani ya pipa. Ukaja kutoka rasmi 2007, kwenye muziki wa filamu iliyochukua jina la wimbo huo huo. Miaka 40! Watoto wamezaliwa, wamekua, wameoa, wimbo bado uko kwenye kaseti za watu. Mkusanyiko kamili ulikuja 2014, rekodi 138.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Blind Willie McTell. Aliurekodi 1983 wakati wa kutengeneza albamu ya Infidels, yeye kwenye piano, Mark Knopfler kwenye gitaa. Albamu ilipotoka, wimbo haumo. Kautupa. Watu waliokuja kuusikia kwenye mikanda walibaki midomo wazi, maana ni wimbo ambao wasanii wengine wangeujengea kazi yao nzima. Ukatoka rasmi 1991, kwenye Bootleg Series ya kwanza, yaani kampuni ikaamua kuuza magendo yake yenyewe na kuyaita magendo. The Band wakaurekodi 1993. Na mwaka 1997 Dylan mwenyewe akaanza kuuimba stejini, na alikuja kusema kwamba ni toleo la The Band lililomfanya aanze. Kwa hiyo wimbo alioutupa ulizunguka nje kwa watu, ukarudi kugonga mlango wake, akaufungulia.

Na laivu ndiyo penyewe. Tangu Juni 7, 1988, alipoanzia Concord, California, ile ziara ambayo watu waliiita isiyoisha, amepiga zaidi ya shoo 3,000. Ukienda kumsikiliza usitegemee uimbe naye. Anabadilisha melodi, anabadilisha kasi, Tangled Up in Blue ameibadilisha hadi maneno, mara kibao. Wengine wanatoka wamenuna, wanasema mzee kaharibu nyimbo zake. Wengine ndio wanaoingia na kinasa sauti kwenye soksi. Kwao hizo ni nyimbo mpya, na kesho yake hazitakuwepo tena, kwa hiyo lazima mtu azinase.

Kuna kituko kimoja cha sheria. Ulaya waliongeza muda wa hakimiliki ya rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini kwa rekodi ambayo imetolewa ndani ya ile 50 ya kwanza. Ukiikalia stoo, inakupotea. Basi Desemba 2012 kampuni ya Dylan ikatoa mkusanyiko wa nyimbo zake za 1962 ambazo hazijawahi kutoka, nakala takriban 100 tu, kava la hovyo, na jina lenyewe likisema wazi kwamba ni la kuongeza muda wa hakimiliki. Na Novemba 2016 ikaja kasha la shoo za 1966: CD 36. Ndani yake, pamoja na mikanda ya mafundi, kuna mikanda iliyorekodiwa na watu waliokaa kwenye viti. Mashabiki. Wenye mashine mapajani, wanaomba Mungu mlinzi asipite. Ile iliyokuwa kosa mwaka 1966 sasa kampuni inaiuza kwa bei ya kuumiza.

Leo sote tuna kinasa sauti mfukoni, na ndiyo maana mzee kafunga mlango. Kwenye ziara aliyoanza 2021, simu yako ilikuwa inafungiwa kwenye kipochi maalumu hadi shoo iishe. Nimesoma watu wakilalamika, wengine wakishukuru. Binafsi sijawahi kumuona, na kwa umri wake sidhani kama nitamuona, kwa hiyo kila nilichonacho cha shoo zake kimetoka kwa mtu aliyevunja sheria ya ukumbi.

Na mimi nimeshavunja yangu. Miaka kama minne iliyopita, kwenye baa moja ya wazi hapa Dar, kulikuwa na dada mmoja anaimba nyimbo zake kwa gitaa kavu, watu kama 30 hivi, wengi wanakula. Akasema huu ni mpya, haujaisha, msirekodi. Akaimba kuhusu mama yake kuuza mashine ya kushonea. Nikaweka simu chini ya meza, nikabonyeza. Dada aliacha muziki, nasikia yuko kwenye benki sasa, na wimbo ule haujatoka popote, nimetafuta. Nina dakika 1 na sekunde 20. Kiitikio cha pili kinakatika kwa sababu mhudumu aliinama kuuliza kama chipsi ni zangu.

Sijamtumia mtu yeyote. Mara mbili nimeandika ujumbe kwake nimwambie ninao, nikafuta.