Barua za Mazzini na Sheria ya Posta ya Uingereza, 1844

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1710 ilimkataza kila mtu kufungua, kuzuia au kuchelewesha barua iliyotiwa posta, isipokuwa kwa hati iliyotiwa sahihi na Waziri. Katika neno hilo "isipokuwa" ndimo lilimotoka shauri la mwaka 1844.

Giuseppe Mazzini, Mwitalia aliyekimbilia London, alishuku kwamba barua zake zafunguliwa njiani. Akawaagiza rafiki zake watie ndani yake mbegu ndogo, nywele na chembe za mchanga. Barua zikafika na lakiri nzima, lakini vile vitu havimo. Mwezi wa Juni mbunge Thomas Duncombe alipeleka malalamiko yake Bungeni. Sir James Graham, Waziri wa Mambo ya Ndani, alikiri kutoa hati juu ya mmoja wa walalamikaji, akakataa kueleza zaidi. Mwezi uliofuata ndugu wawili Bandiera, waliokuwa wakiandikiana na Mazzini, walipigwa risasi huko Calabria, na wengi wakaitupia Serikali lawama ya damu yao.

Kamati za siri za Mabaraza yote mawili zilikubali kwamba habari zilipelekwa kwa dola ya kigeni. Ofisi ya siri iliyofungua barua za nchi za nje ikaondolewa, bali uwezo wa Waziri ukabaki. Hivyo tendo lililokuwa kosa kwa karani wa posta liliendelea kuwa halali akiwa na hati mkononi, na mwenye barua hakuwa na haki ya kuarifiwa.