Mtemi, Hakimu na Wazee wa Baraza

Huku Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, shitaka la matusi ya sokoni au la kuku aliyeibwa huanzia Mahakama ya Mwanzo. Lakini zama za watemi, watawala wa jadi, mkosaji wa namna hiyo alisimamishwa mbele ya mtemi na wazee wake, akatozwa mifugo, na shauri likaisha. Wajerumani waliwapa mabwana wa wilaya mamlaka ya kuhukumu, na kiboko kikawa ndiyo alama yao. Waingereza nao, kwa sheria ya 1929, wakayakabidhi mashauri madogo kwa mabaraza ya watemi, ila rufani wakaizuia isifike Mahakama Kuu, ikawa yapanda kwa Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya, kwa mkuu wa jimbo, hata kwa Gavana.

Hiyo ilikuwa dhuluma iliyo dhahiri, kwani aliyekusanya kodi ndiye aliyemhukumu asiyelipa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango wa maendeleo ya Usukuma ulipowalazimisha wakulima kuinua matuta ya kuhifadhi udongo na kupunguza ng'ombe, mtu asiye na matuta shambani mwake alijikuta mshitakiwa, akitozwa faini katika baraza la yule yule aliyemwamuru kuyalima. Na uchungu wa amri hizo ni miongoni mwa mambo yaliyowatoa watu wa Geita majumbani mwaka 1958, walipolikataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko.

Utemi ulipoondolewa 1963, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaziweka Mahakama za Mwanzo chini ya Mahakama Kuu, zikiongozwa na hakimu asiyedai kodi wala kukagua matuta. Sheria ya 1984 ikaagiza aketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili, wakiwahoji mashahidi kwa Kiswahili, na kura zao zikihesabiwa pamoja na yake hata katika hatia na adhabu, ambayo kifungo chake kwa kawaida hakizidi miezi 12. Naiona hiyo kuwa insafu kubwa.

Sungusungu, walinzi wa jadi walioinuka mkoani Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwakabili wezi wa ng'ombe, waliwatoza watuhumiwa faini na kuwatenga kwa hukumu yao wenyewe, nje ya mahakama hizo. Sheria ya 1989 iliwapa uwezo wa kukamata, wala si wa kuhukumu. Kwa hiyo mwizi wa kuku anayeshikwa usiku, hata manyoya yangali mikononi mwake, hupelekwa polisi, na toka huko mahakamani.